Bima ya Anayeshuka, Kifo cha Anayeshika Kamba

Saa moja na nusu asubuhi. Kwenye ua wa nyumba ambayo bado haijaezekwa, mwanamume mfupi mwenye mabega mapana amekaa kwenye ukingo wa kisima anachokichimba, miguu ikining'inia shimoni. Anafunga kamba kiunoni. Anaifungua, anaifunga upya. Kisha anamgeukia mwanamke aliyesimama kwenye winchi ya mkono na kumuuliza anachomuuliza kila siku kabla ya kushuka.

"Shemeji, chai umekunywa yote?"

"Yote," anajibu mwanamke, bila kuinua macho.

Kwanza unashushwa mshumaa ndani ya kopo. Ukizimika, chini hakuna hewa na siku hiyo hakuna kazi. Leo unawaka. Mwanamume anavaa kofia ngumu, anageuka kuutazama ukuta wa shimo, na winchi inaanza kulia kidogo kidogo. Baada ya muda kinachobaki juu ni mwanamke, kamba, na mlio wa mtalimbo unaogonga mwamba.

Mtaani mwanamume huyo anaitwa Chini. Mwanamke ni mjane wa kaka yake, na kaka huyo alikuwa akiitwa Juu. Majina hayo walipewa na mteja mmoja aliyeshindwa kuwatofautisha, maana walifanana sura kama mapacha, ila mmoja alikuwa amechukua urefu wa wote wawili. Chakula kikiwa tayari mteja aliagiza aitwe kwanza yule wa juu, kisha yule wa chini, na majina yakaganda.

Walichimba visima pamoja kwa miaka kumi na saba. Kugawana kazi hakukuwa na mjadala. Kisima kinamtaka mtu mfupi mwenye mapafu makubwa, naye Juu alikuwa mrefu kiasi cha kuinama kwenye milango ya watu. Yeye alibaki na kamba, bei, ununuzi wa mishumaa, na ugomvi na wateja waliotaka maji yapatikane kabla ya jasho.

Kamba ina lugha yake, maana sauti ya mtu aliye chini hufika juu ikiwa imevurugika. Mvuto mmoja ni simama. Miwili ni ndoo imejaa. Mitatu ni nitoe. Na walikuwa na sheria moja ambayo Juu hakuivunja hata siku moja: mdogo wake akiwa shimoni, yeye hapokei simu, hali chakula, hapigi soga na mtu.

"Mke wake mwenyewe alikuwa akimpigia simu inaita mpaka inakata," Chini anasema. "Akiulizwa, anasema nilikuwa nimemshika mtu."

Chini mwenyewe hana mke wala mtoto. Ndoa yake ilivunjika mapema, na tangu hapo anapanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya kaka yake, chumba chenye kitanda, jiko la mafuta na msumari wa kutundika nguo. Juu alikuwa na mke na watoto watatu. Hayo yangetosha kumwambia mtu yeyote mwenye akili timamu ni nani kati ya ndugu hao wawili aliyehitaji bima ya maisha. Hakuna aliyeambiwa.

Mabango ya bima yanafanana kila mahali. Baba anacheka, mama anacheka, watoto wawili meno nje, kana kwamba habari inayozungumzwa pale ni harusi na si kifo. Hakuna bango linalomwonyesha mtu akiulizwa swali ambalo lingepaswa kutangulia mengine yote: wewe ukiondoka, nani atalala njaa?

Wakala aliyewafikia ndugu hawa aliwakuta kazini, saa ya mapumziko. Alikuwa na shati lililonyooka na mkoba begani, na alipochungulia shimo alirudi nyuma haraka kama aliyeona nyoka. Akawauliza ni nani kati yao mwenye kazi ya hatari. Juu akaonyesha shimo kwa kidole.

Mambo yalipangwa palepale. Wachimbaji hawa huhesabu fedha kwa futi, kwa sababu hulipwa kwa futi. Bima ya mtu mmoja ilikuwa futi moja na nusu kwa mwezi. Ya wawili ilikuwa futi tatu, na futi tatu zilikuwa karo ya binti mkubwa wa Juu. Kwa hiyo angekatiwa mmoja tu.

Chini alikuwa pembeni akinawa udongo. Alipoelezwa, alimwambia kaka yake ajiandikishe yeye, kwa kuwa ndiye mwenye watoto. Jibu alilopewa analirudia leo kwa sauti ya chini, akitazama mikono yake.

"Aliniambia, 'Mimi nasimama juu ya ardhi, mdogo wangu. Mtu anayesimama juu ya ardhi anakufa na nini?' Tukacheka. Na wakala akacheka. Halafu akatoa kalamu."

Kulikuwa na aina mbili za kuchagua. Moja ililipa kwa kifo cha aina yoyote, iwe ugonjwa, ajali au uzee. Nyingine ililipa kwa ajali peke yake, ikawa nafuu zaidi na fidia yake kubwa zaidi. Wachimbaji wa visima hawajawahi kumuogopa daktari. Wanaogopa ukuta unaomeguka na kamba inayokatika. Wakachukua ya ajali. Mnufaika, yaani mtu wa kulipwa, akaandikwa Juu.

Walikosea mara mbili kwa mkupuo mmoja. Walimkatia bima mtu asiyetegemewa na yeyote, tena kwa aina moja tu ya kifo. Wakala hakudanganya hata neno moja, na ukimpeleka mahakamani atakushinda asubuhi na mapema. Alichofanya ni kukaa kimya mahali ambapo neno moja lingetosha, na ukimya wa namna hiyo haushitakiwi popote.

Miaka sita walilipa bila kuruka mwezi. Mjane anakumbuka kwamba mumewe aliweza kuahirisha viatu vya watoto, akaahirisha hata bati la jikoni lililokuwa likivuja, lakini bima ya mdogo wake hakuigusa. Aliwaambia wanawe kwamba viatu vinasubiri, roho ya baba yao mdogo haisubiri.

"Nilikuwa nakasirika kimoyomoyo," anasema mjane. "Kisha najisuta, kwa sababu nilijua huyu mtu anampenda ndugu yake. Ungemwambia nini?"

Siku yenyewe ilianza kwa chai. Juu aliacha kikombe nusu, akasema ana kiungulia, akabeba kamba wakaondoka.

Kufikia adhuhuri Chini alikuwa futi arobaini na kitu chini ya ardhi. Alijaza ndoo, akavuta kamba mara mbili. Ndoo ikapanda. Ilipofika katikati ikasimama.

Akavuta tena ncha ya kamba iliyobaki kwake. Kimya. Akainua macho na kuona kitako cha ndoo kikiwa kimeziba mwanga, imejaa mawe, juu ya utosi wake. Kwenye kisima hakuna pa kukwepea. Alijibanza ukutani akaita, kisha akaita kwa hasira, kisha akatukana. Alidhani kaka yake, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba, amepokea simu.

"Nilimtusi matusi ambayo siwezi kukwambia uandike," anasema. "Yeye hapo ameshakufa."

Alipanda kwa vitobo vya miguu ambavyo kaka yake alikuwa akimlazimisha kuvichonga ukutani kila futi chache, kazi ambayo Chini aliiona siku zote kuwa ya kupoteza muda. Alijipenyeza ubavuni mwa ndoo, akafika juu. Kaka yake alikuwa ameketi, mgongo kwenye nguzo ya winchi, kidevu kifuani, kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Kamba alikuwa ameizungusha kwenye nguzo na kuifunga fundo.

Ndiyo maana ndoo haikushuka. Daktari alisema moyo ulisimama, na kwamba huenda ulikuwa mgonjwa siku nyingi. Muda mchache aliobaki nao, mtu huyo hakuutumia kuita msaada wala kushika kifua chake. Alifunga fundo.

Chini ndiye aliyelichimba kaburi. Watu walimsihi apumzike, akakataa, akasema hiyo ndiyo kazi anayoijua. Aliendelea kuchimba mpaka wazee wakamwambia basi, inatosha. Alikuwa amepita kina cha kaburi bila kujua, na ilibidi warudishe udongo.

Baada ya mazishi mjane na shemeji yake walikwenda ofisi ya bima. Walivaa nguo safi na walikuwa na matumaini: walijua bima ni ya Chini, ila hawakuwa wameusoma mkataba, wakadhani mtu aliyelipa miaka sita akifa, watu wake hawakosi kitu. Aliyekuwa akishughulika na mambo hayo ndiye waliyetoka kumzika. Kijana wa mapokezi alitazama kompyuta yake, akawaambia kwa upole kwamba aliyekatiwa bima yuko hai na amesimama mbele yake. Akaongeza kwamba hata kama bima ingekuwa ya marehemu, moyo si ajali.

Mjane aliuliza kama kuna chochote wanachoweza kurudishiwa katika miaka yote hiyo. Aliambiwa bima ya namna hiyo hairudishi kitu, na kwamba washukuru haijatumika.

"Nilitoka pale nikiwa mtu pekee mwenye thamani katika ukoo wetu," anasema Chini. "Na thamani yenyewe ni maiti yangu. Watoto wa kaka wakinitazama mezani, nilikuwa naona aibu kuwa mzima."

Anakiri kwamba ana hasira, na si kwa wakala peke yake. "Hasira nyingine ni kwa kaka. Alinipenda mpaka akakosea. Nitamwambia nani hilo?"

Haukupita muda ndugu wa pande zote mbili wakaitana kikao. Walikuja na nyuso za huruma na mpango uliokwisha kupikwa. Binti mkubwa, aliyekuwa ameanza chuo cha ufundi wa maabara, angekwenda kwa shangazi yake na chuo kingesubiri. Wa kati angechukuliwa na mjomba mwenye duka. Mdogo angebaki na mama. Mpango huo waliuita kupunguza mzigo, na kila mmoja alilitamka neno hilo kwa wema mkubwa.

Watoto walikuwa chumba cha pili wakisikia kila kitu. Mama yao alipoingia alimkuta wa kati ameshaanza kugawa mashuka yao mafungu matatu.

Hapo ndipo mjane alipopiga moyo konde. Alirudi sebuleni akawaambia wageni kwamba chakula kipo, ila watoto hawaondoki. Jumatatu iliyofuata alitokea kazini kwa shemeji yake akiwa amevaa mabuti ya marehemu, ameyajaza vitambaa ndani yasimvuke.

"Akaniambia, 'Nifundishe kamba,'" Chini anasimulia. "Nikamwambia, shemeji, hii si kamba ya kuanikia nguo. Akaniambia hajauliza ni kamba ya nini."

Alimfundisha kwa mawe kwanza, kisha kwa mifuko ya mchanga, kisha kwa mwili wake mwenyewe. Viganja vya mwanamke vilichubuka, vikapona, vikachubuka tena. Leo ukimpa mkono unashika kitu kigumu kama soli ya kiatu. Wateja waliocheka mwanzoni walinyamaza walipoona futi zinakwenda, na fedha iliyokuwa ikiingia nyumbani mwa Juu ikaanza kuingia tena. Karo ikalipwa. Mashuka yakarudi fungu moja.

Jambo lililobaki likaonekana dogo. Kwenye ile bima ya ajali jina la mnufaika lilikuwa bado la marehemu. Chini alikwenda akaliandikisha la mjane. Aliona ndiyo haki, na hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Midomo ya watu ikapata kazi. Kwenye kiwanja kimoja mafundi waliokuwa wakipiga plasta walipata habari hiyo, na mmoja wao, katika kutaniana, akamwambia mwanamke huyo kwamba siku akiiachia kamba atakuwa tajiri. Wenzake wakaangua kicheko. Chini alikuwa shimoni, hakusikia kitu.

Aliyesikia alikuwa na kamba mkononi. Alifunga kamba kwenye nguzo, akakaa, akahesabu pumzi. Alimtoa shemeji yake kabla ya saa ya chakula na kumweleza yote, na hiki ndicho alichomwambia mwisho, neno kwa neno, kama wote wawili wanavyokumbuka.

"Shemeji, toa jina langu kwenye ile karatasi, au tafuta mtu mwingine wa kamba. Siwezi kuishika roho yako huku imeandikwa kwamba ikitoka nalipwa."

Wakarudi ofisini. Wakala wa zamani alikuwa ameshaondoka, wanasema siku hizi anauza viwanja. Safari hii walihudumiwa na dada mmoja mnene, mchovu, mwenye miwani iliyounganishwa kwa gundi upande wa sikio, ambaye hakuwauliza nani ana kazi ya hatari. Aliuliza watoto ni wangapi na wanakaa na nani. Kisha akaweka kalamu chini.

"Kati yenu wawili," aliwauliza, "nani akifa leo, kesho hao watoto watatawanywa?"

Chini anasema alijihisi kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji. Swali lilikuwa jepesi namna hiyo, na lilikuwa limechelewa miaka sita na mtu mmoja.

Palepale wakaanza kubishana, ugomvi uleule wa zamani wa pale kisimani. Mjane alisema bima iwe ya shemeji yake, kwa kuwa ndiye anayeshuka. Shemeji alisema iwe ya mjane. Dada wa bima aliwaeleza kwamba ya kifo cha aina yoyote, kwa umri wao, ni futi mbili kwa mwezi kwa kila mmoja, na fidia yake ni ndogo kuliko ile ya ajali. Futi nne hawana. Foleni nyuma yao ikaanza kuguna.

Aliyeshinda ni Chini, na hoja yake haikuwa ndefu. Yeye akifa, winchi ipo na vijana wa kushuka wapo tele mtaani. Shemeji atampata mwingine, watoto watalia kisha watakwenda shule. Mjane akifa, ndugu watarudi na mpango wao siku ya msiba, na mwanamume anayelala kwenye viwanja vya watu wiki nzima, mwenye chumba cha kitanda kimoja, hataweza kuwazuia.

"Mara ya kwanza tulitazama nani anashuka," anasema. "Hatukutazama nani anasubiriwa nyumbani."

Wakaisimamisha ile bima ya ajali, na miaka sita yake ikaenda na maji. Mjane akaandikwa kwa kifo cha aina yoyote, wanufaika ni watoto watatu, na mwangalizi wa fedha hizo mpaka wakue ni baba yao mdogo. Yeye mwenyewe tangu siku hiyo anashuka bila bima yoyote. Katika watu wote wanaozungumzwa katika habari hii, anayeingia ardhini kila asubuhi ndiye asiye na kitu, na safari hii ameyachagua hayo akiwa na akili zake zote. Si haki. Mtu anayefanya kazi hiyo angepaswa kuweza kulipia roho mbili, lakini bei ya futi haijapanda tangu Juu alipokuwa hai, na bima imepanda.

Hata bima hiyo ya mjane ina miiba yake. Kifo cha ugonjwa hakilipwi mpaka mwaka wa kwanza uishe. Dada wa bima aliwasomea kipengele hicho kwa sauti, mara mbili, akawataka wakirudie.

"Kwa hiyo mwaka huu sina ruhusa ya kuugua," anasema mjane akizungusha winchi. Hacheki. "Na yeye ananikagua na chai yake kila asubuhi kama daktari."

Mafundi wa plasta siku hizi hawana utani tena. Mmoja aliwahi kuuliza sasa nani atalipwa nani akifa, akaelezwa, akabaki akikuna kichwa.

Ni karibu adhuhuri. Kamba inatikisika mara tatu. Mwanamke anakita miguu, anaanza kuzungusha winchi, na mshipa wa shingo unamtoka. Hatazami pembeni. Simu yake inaita mfukoni mpaka inakata.

Kofia inatokea, kisha mabega, kisha mwanamume mzima aliyepakwa udongo mwekundu mpaka kwenye kope. Anakaa ukingoni, anakunywa maji, anaeleza kwamba huko chini jiwe limeanza kutoa unyevu. Binti mkubwa atamaliza chuo mwakani. Akipata kazi, kwenye fedha ya karo yake zitapatikana futi mbili za kukata bima ya pili, ya Chini, na hiyo nayo itakuwa ya kifo cha aina yoyote. Anasema hataki tena kusikia neno ajali.

Na mpaka hapo mwakani?

Anaifunga kamba kiunoni. Anaifungua, anaifunga upya. Anamtazama shemeji yake, ambaye ameshashika mpini.

"Mpaka hapo mpango wangu ni mmoja," anasema. "Kila akinivuta juu, nije mzima."